Mtoto aliyesema hesabu si sahihi



Dominika hii naomba niungame kosa langu moja mbele yenu. Nililitenda Jumamosi moja mchana, miaka michache iliyopita, katika kigango kimoja cha upande wa Geita, mahali ambapo ukiwa ndani ya kanisa unasikia karasha zikisaga mawe ya dhahabu kutwa nzima. Nilikuwa nimekwenda kuwasaidia makatekista kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Nikachagua mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, ule tunaousoma katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Nilijua utawaingia upesi, maana mtoto wa machimboni anajua kibarua ni nini na anajua malipo ya jioni ni nini.

Nikawasimulia vizuri. Kuna walioanza kazi alfajiri, wakaja wengine saa tatu, wengine saa sita, wengine saa tisa, na mwisho wale wa saa kumi na moja jioni, jua likiwa linakaribia kuzama. Ulipofika wakati wa malipo, wote wakapewa dinari moja moja.

Mvulana mmoja wa darasa la sita, aliyekuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi, akanyoosha mkono.

"Padri, hesabu si sahihi."

Nikamwambia aendelee. Akasimama wima, macho yake yakitazama ukutani, akasema: "Aliyeanza alfajiri amefanya kazi saa kumi na mbili. Wa mwisho amefanya saa moja. Kama saa moja ni dinari moja, wa kwanza alitakiwa alipwe dinari kumi na mbili. Yule tajiri amekosea."

Siku hiyo nilikuwa nimechoka, na kulikuwa na vigango viwili vingine vinanisubiri. Nikatafuta njia ya mkato, nayo ni utani. Nikasema, "Basi, mheshimiwa mkaguzi, nenda ukamkague Mungu vitabu vyake vya hesabu." Kanisa zima likacheka. Katekista akacheka. Nami nikacheka kicheko changu mwenyewe, kama mtu aliyefunga bao.

Mtoto hakucheka. Aliketi, akaziba masikio kwa viganja viwili, akainamisha kichwa, akabaki hivyo mpaka sala ya mwisho. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili yake. Nilipouliza, watoto wenzake wakaniambia kwa furaha, "Nani, Mkaguzi? Amesema haji tena." Jina nilikuwa nimempa mimi, na kijiji kizima kilikuwa kimelipokea.

Nikaanza kuulizia habari zake. Mwalimu wake akaniambia kwamba ni mtoto mwenye akili sana na asiye na rafiki hata mmoja. Akanisimulia kisa. Siku moja mwalimu aliingia darasani akauliza kwa ukali ni nani waliokuwa wakipiga kelele. Watoto wote kimya, kama kawaida ya watoto wa dunia nzima. Yeye akasimama akataja majina kumi na saba kwa mpangilio wa viti, akajitaja na yeye mwenyewe, kisha akamalizia kwamba hata mwalimu alikuwa akicheka na simu kwa sauti kubwa pale nje. Mwalimu alinisimulia haya akicheka, lakini siku ilipotokea hakucheka mtu. Kuanzia hapo hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja.

Kwenye mpira ilikuwa hivyo hivyo. Mnajua chandimu ya watoto wetu: goli ni mawe mawili, na golikipa mjanja husogeza jiwe moja ndani kidogo kidogo kadiri mchezo unavyoendelea. Wote wanajua, wote wanafanya, na ndiyo raha yenyewe. Huyu alikuwa anasimamisha mchezo, anapima goli kwa hatua, anarudisha jiwe mahali pake. Tena analirudisha hata pale timu yake ndiyo inayofaidika. Wenzake wakamfukuza. Akawa anasimama pembeni wakati wa mapumziko, anahesabu magari yanayopita kwenda mgodini.

Kisa kilichomuumiza zaidi kilitokea machimboni. Mama yake alimtuma apeleke chakula kwa mjomba wake, akakuta wanagawana mawe. Makubaliano yalikuwa wachimbaji wapate theluthi. Viroba vilikuwa arobaini na viwili, wachimbaji wakapewa kumi na moja. Mtoto akasema mbele ya watu wote, mbele ya mwenye duara, kwamba arobaini na mbili ukigawa kwa tatu unapata kumi na nne. Pakawa kimya. Mjomba akamvuta mkono akamwondoa pale kwa maneno makali. Baadaye mjomba huyo aliniambia, "Padri, ukweli ule niliujua. Lakini kesho yake nilihitaji kushuka tena katika duara lile."

Wapendwa, tumwelewe mtoto huyu, na tujielewe sisi wenyewe. Maisha yetu huku Usukumani na katika ukanda wote wa dhahabu yanakwenda kwa sheria nyingi ambazo hazijaandikwa popote. Mtu akikuuliza "mhola?" unajibu kwamba ni salama, kisha baada ya salamu ndefu ndipo unasema kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Mtoto huyu akiulizwa "mhola?" alijibu, "Hapana, mbuzi wetu amekufa." Tuna utani wa ukoo na utani wa kabila, ambapo mtu anaweza kukutukana msibani na wewe ukacheka ukafarijika. Yeye alisikia tusi tu. Tuna maneno ya kumfichia mwenzako aibu. Yeye alidhani kwamba ukiulizwa swali, unatakiwa ulijibu. Na tusisahau kwamba sisi ndio tuliomfundisha kwamba uongo ni dhambi. Kosa lake ni kwamba alitusadiki.

Watoto wengi huzikamata sheria hizi kama wanavyokamata lugha, bila kufundishwa. Wapo wachache ambao hawazikamati. Baadhi yao wana hali inayoitwa usonji, ambayo Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake mwaka 2007, kila tarehe 2 Aprili, ili watu waielewe. Wengine hawana usonji, ni tabia yao tu. Mimi ni padri, si daktari, na mzazi mwenye wasiwasi ampeleke mtoto hospitali wamtazame. Lakini kwa vyovyote vile, mtoto wa namna hii si mkaidi, hana laana na hajarogwa.

Nasema hajarogwa kwa sababu najua ninakozungumzia. Bibi wa mtoto huyu alikwisha kushauri apelekwe kwa mganga. Nasi watu wa Shinyanga na Geita tunajua vizuri barabara hiyo inaishia wapi. Tumezika bibi zetu waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi, na mpiga ramli akasema ni wachawi. Tumewaona watoto wenye ualbino wakihamishwa kutoka vijijini kwao na kutunzwa Buhangija, pale Shinyanga mjini, kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa salama tena. Misiba hiyo yote haikuanza na panga. Ilianza na watu kumtazama mmoja wao na kusema, "Huyu si kama sisi," kisha wakacheka, kisha wakanong'ona, kisha wakatafuta wa kuwaeleza kwa nini. Kicheko changu kanisani kilikuwa hatua ya kwanza ya safari hiyo, na niliipiga nikiwa nimevaa rozari mkononi.

Ipo na njia nyingine ya hatari kwa mtoto mpweke wa huku kwetu, nayo ni machimbo yenyewe. Kule hakuna anayekudai urafiki. Ukiweza kubeba kiroba au kuosha mawe, unapewa hela yako jioni. Mtoto asiye na wa kukaa naye dawati moja huona shule haina maana, na karasha liko hatua mia mbili kutoka hapo. Mama yake aliniambia kwamba mwanawe alikwisha kuuliza kibarua wa karasha analipwa kiasi gani kwa siku, akapiga hesabu ya mwaka mzima kwenye daftari la sayansi. Kwa mtoto yule, hesabu ile haikuwa mchezo.

Ninapowaza juu ya mtoto huyu namkumbuka Mtanzania mwenzetu mmoja, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha, na desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza kabla ya kuyaingiza kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, Mpemba akaona akichelewa atakosa, akaingiza maziwa yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi akakuta yake yameganda, na ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa bado ni uji mzito. Akamwuliza mwalimu wake kwa nini. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Hakuacha. Alipokwenda masomo ya juu katika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa likacheka, na tangu hapo kila alipokosea jambo walimwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Mnaona? Naye alipewa jina. Kisha siku moja akaja kuwatembelea mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, akaruhusu maswali. Mpemba akauliza swali lake lile lile, na baadhi ya wenzake wakaona amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne hakulielewa jambo lenyewe, na hakuamini sana kwamba ni kweli. Lakini hakucheka. Aliahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu, na alipofika akamwagiza fundi wa maabara alifanye. Likatokea kama kijana alivyosema. Mwaka 1969 wawili hao, mwanafunzi na mhadhiri, wakaandika makala pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza, na leo vitabu vya dunia nzima vinalitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wanasayansi wanabishana juu yake mpaka leo. Jina lililokuwa la dhihaka darasani Iringa limekuwa jina la heshima.

Sisemi kwamba kila mtoto anayeuliza maswali magumu atakuwa Mpemba. Wengi hawatakuwa. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya watu wazima wale haikuwa elimu. Wote walikuwa wasomi, na wote hawakujua jibu. Mmoja tu alikubali kubeba swali la mtoto akaenda nalo.

Kanisa letu nalo lina mfano wake. Nilipokuwa Seminari Kuu ya Kipalapala, Tabora, kila tarehe 28 Januari tuliadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, msimamizi wa wanafunzi, mwalimu mkuu wa teolojia aliyefariki mwaka 1274. Wenzake shuleni walimpa jina la dhihaka, ng'ombe bubu, kwa sababu alikuwa mnene, mkimya, asiyechangamana. Mwalimu wake, Mtakatifu Alberto Mkuu, inasimuliwa kwamba aliwaonya kuwa iko siku mlio wa ng'ombe huyo utasikika ulimwenguni kote. Mimi ni mtoto wa mfugaji wa Shinyanga, na jambo hili huwa linanifurahisha. Mfugaji hamdharau ng'ombe kwa sababu halii. Anamtazama anavyokula, anavyotembea, anamjua. Alberto alimtazama mwanafunzi wake kama mfugaji.

Na Tomaso yule mwingine, Mtume, tumemwita Mwenye Mashaka kwa karne nyingi, jina la utani lingine tena. Tunasahau kwamba kabla ya kutaka kuona majeraha, katika Karamu ya Mwisho yeye ndiye aliyethubutu kusema kwamba hawajui Bwana anakokwenda, basi watawezaje kuijua njia? Wenzake hawakujua pia, ila walinyamaza. Lilikuwa swali la mtu anayefikiri kwa mstari ulionyooka. Yesu hakumcheka. Alimjibu, na jibu lile, kwamba yeye mwenyewe ndiye njia na ukweli na uzima, tunaliishi mpaka leo. Tumelipata kwa sababu kulikuwa na mtu mezani asiyejua kujifanya ameelewa.

Basi nikaenda nyumbani kwa mtoto yule. Nilimkuta nje amepanga vizibo vya soda kwa rangi. Akanisalimu, "Shikamoo, Padri," akaendelea na vizibo. Nikaketi kwenye kigoda nikamwambia, "Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikucheka mbele za watu, na haikuwa haki." Nilitegemea machozi, au angalau tabasamu. Akafikiri kidogo akasema, "Nimekusamehe. Lakini swali langu bado hujalijibu."

Nikamwambia ukweli, kwamba hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Ukihesabu saa, tajiri yule amekosea. Nikamweleza kwamba dinari moja ilikuwa malipo ya kawaida ya kibarua wa siku, na kwamba kibarua wa siku zile alikula alichokipata siku ile. Akipata chini ya hapo, watoto wake hawatoshelezwi. Wale wa saa kumi na moja hawakuwa wavivu. Walisema wenyewe kwamba hakuna aliyewaajiri, na kule nyumbani watoto wao wana njaa ile ile kama ya watoto wa walioanza alfajiri.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo yeye alihesabu matumbo, hakuhesabu saa."

Wapendwa, nimehubiri juu ya Injili ile mara nyingi, na sijawahi kuisema vizuri namna hiyo. Kisha akaongeza, "Lakini angewaambia mapema, wasingegombana." Na hapo pia sikuwa na la kumbishia.

Akarudi kwenye mafundisho. Sitaki kuwadanganya kwamba siku ile alipata marafiki. Alimpata mmoja, na si kwa kazi yangu. Ni binti ambaye wazazi wake walihamia kutoka Kahama, kama wanavyohama watu wa machimbo kila panaposikika pametema. Alifika shuleni katikati ya mwaka, hamjui mtu, na nafasi iliyokuwa wazi darasani ni moja tu, kwenye dawati la "Mkaguzi". Binti huyo hakujua bado kwamba ni nafasi ya kukimbiwa. Hesabu za sehemu zilikuwa zinamshinda, naye mvulana akamwelekeza mpaka akaelewa. Yeye kwa upande wake akawa anamwelekeza mambo ya watu, waziwazi, bila kumcheka: "Hapo amekutania, hajakutukana." "Msalimie kwanza, halafu ndiyo useme." "Ukweli huo mwambie akiwa peke yake." Mama yake aliniambia kwamba mtoto aliyaandika yote nyuma ya daftari, kwa namba.

Binti yule ametufundisha kazi yetu sote. Mzazi, usimwambie mtoto wa namna hii "kuwa kama wenzako", maana hajui wenzake wakoje. Mweleze sheria moja moja kama unavyomfundisha jedwali la kuzidisha, na mwambie sababu yake. Mwalimu, usimwachie ajitafutie wa kukaa naye. Chagua mtoto mmoja mpole umweke karibu naye, rafiki mmoja anatosha. Katekista, mtoto akiuliza jambo usilolijua, sema "sijui, nitakwenda kuuliza", kisha nenda kweli ukaulize. Watoto wapendwa mnaosomewa makala hii nyumbani, kesho Jumatatu mtazameni yule anayesimama peke yake wakati wa mapumziko. Mmoja wenu amwendee.

Na sisi watu wazima tusidhani kwamba kazi ni kumfundisha yeye tu. Arobaini na mbili kwa tatu ni kumi na nne. Pale machimboni mtoto ndiye aliyesema kweli, na sisi wakubwa wenye busara ya kunyamaza ndio tuliokuwa tumezoea kuibiwa na kuiba. Ni kweli anahitaji kujifunza lini aseme na kwa sauti gani. Lakini sisi nasi tunahitaji mtu wa kuturudishia jiwe la goli mahali pake.

Siku ya Komunyo ya Kwanza alipanga mstari na wenzake, shati jeupe, viatu vya kuazima. Nilipofika kwake nikamwinulia Hostia nikasema maneno ya Kanisa, naye akaitika "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Baada ya Misa akaja sakristia. "Padri," akasema, "wale wa mwanzo umewapa Hostia nzima, sisi wa mwisho umetupa vipande." Ni kweli, Hostia zilikuwa zimepungua nikazimega. Safari hii sikutania. Nilivua stola, nikaketi, nikamwambia, "Swali zuri. Kaa nikueleze."

Nawatakieni Dominika njema.